Doa la Saa Kumi

"Mbona ukuta una surua?" mama aliuliza, kidole chake nusura kiguse kioo cha kompyuta.

Mchoraji alicheka kidogo. "Kompyuta hurusha chembe za mwanga chumbani kama jua lenyewe, ndipo picha itokee. Hapa chembe ni chache, mama. Nimerusha laki moja tu. Nikizidisha, surua inapona."

Chumba kilichokuwa kwenye kioo kilikuwa cha binti wa mama huyo, kama kilivyokuwa siku kilipoungua naye amelala mgonjwa ndani. Moto ulianzia kwenye pazia, juu ya soketi. Soketi aliifunga mkwe wake, mume wa binti, fundi umeme, na sasa mkwe yuko rumande. Wakili wa mkwe ndiye aliyeagiza picha hii. Mama alikuja kuona isitiwe uongo.

"Ameniulia mtoto kwa uzembe," alisema. "Usimpambie, mwanangu. Weka kila kitu kilivyokuwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimuuguza, chumba kile nakijua kama kiganja changu."

Akavitaja kimoja kimoja. Kitanda. Kiti chenye mguu mfupi. Pazia limesukumwa pembeni. Dirishani, chupa ya duara iliyojaa maji.

"Hata chupa?"

"Hata chupa. Mungu haonyeshwi nusu."

Mchoraji akaandika saa kumi alasiri, saa moto ulipoanza, akaelekeza jua dirishani, akapandisha chembe hadi milioni kumi. Wakasubiri. Midomo ya mama ilicheza polepole. Alikuwa akimwombea marehemu.

Picha ikaja. Ukuta ulikuwa laini, surua imekwisha. Lilibaki doa moja tu, dogo kama punje ya mahindi, jeupe kupita vyote, kwenye mkunjo wa pazia.

"Na hilo liponye."

Mchoraji akaongeza chembe, milioni hamsini. Doa halikufifia. Lilizidi ukali.

Akaiondoa chupa. Doa likatoweka. Akairudisha. Doa likarudi palepale, juu ya soketi: jua lililopita kwenye maji lilikusanyika hapo, kama kwenye kioo cha kukuzia.

Safari hii hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Mama, chupa hii nani aliiweka juani?"

Mama aliitazama mikono yake.

"Yalikuwa maji ya kumwombea apone," alisema. "Niliyaweka pale ili akiamka ayaone."