Viatu kwenye Kiti cha Dereva

Umeikodolea macho bahari ya Jeddah, simu mkononi, ili usituone. Tazama huku! Hovakrafti, chombo kinachoelea juu ya maji kwa hewa, imeinuliwa kwa jeki, jina la Mwingereza aliyeibuni liko ubavuni, na fundi Mkenya yuko chini anashona sketi yake, pindo la mpira linalozuia hewa. Injini ikiwaka, chombo kitachomoka jekini kimlalie.

Desturi yetu, anayeingia chini huacha viatu kwenye kiti cha dereva, ili asiwashe.

Bosi amevitupa viatu mchangani. "Yalla, Elly, washa! Wageni wamefika."

"Mafi, bosi, haiwezekani. Kuna mtu chini."

"Atatoka."

Dereva Elly anachomoa ufunguo, anaurusha baharini. "Haya, washa na kiberiti!"

Bosi anacheka, anatoa ufunguo wa akiba.

Wewe, weka simu chini! Shika miguu ya fundi. Vuta sasa!