Nyota za Kitanda Namba Tisa

Chenge alilipasua gauni la mkewe katikati, mbele ya wagonjwa wote wa wodi ya wanawake, na hakuna aliyeshangaa. Walishamzoea. Kila siku saa saba mchana, muda wa kuona wagonjwa ulipofika, alikuja na mkasi, sindano na mfuko wa vitambaa, akavuta kiti hadi kitanda namba tisa, akaanza kushona. Mlinzi wa getini alikuwa akimsalimia kwa jina tangu Januari.

Kitandani alilala Kija. Kiharusi kilimwangusha sokoni mwezi wa tatu, kikamnyang'anya mkono wa kulia na sauti yake yote. Alibakiwa na macho na mkono wa kushoto.

"Leo nyekundu au bluu?" Chenge aliuliza.

Kidole kilijikokota juu ya shuka, kikagusa bluu.

"Sawa. Bluu."

Kwa miaka thelathini Chenge alishona viti vya magari pale Buzuruga. Mikono yake ilizoea turubai. Kitenge chepesi kilimtoroka vidoleni. Lakini kazi alikuwa ameshaielewa. Mraba mmoja katikati. Pembetatu nane za rangi, mbili kila upande. Vipande vyeupe vya kujazia pembeni. Vikikutana sawasawa, nyota inachomoza. Ncha moja ikipinda, unafumua yote na kuanza upya. Nyota thelathini zikiunganishwa, hapo unapata blanketi.

Nesi Gladness, aliyehamia wodi hiyo mwezi wa nne, alisimama kuangalia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Alizichukua nyota zilizokamilika, akazipanga juu ya miguu ya mgonjwa. "Hizi kumi na moja za mwanzo zimenyooka kweli. Alizishona nani?"

"Mke wangu. Mimi nilifumua moja ndipo nikajua zinavyoungwa."

Gladness aliutazama mkono wa kulia wa Kija, uliolala kama kitu kilichosahauliwa hapo. "Atashona tena, babu. Na hili gauni, si ungemtunzia alivae akipona?"

"Hatalivaa tena."

"Babu! Usiseme hivyo, anasikia."

Chenge aliinamia sindano yake. Kija alikuwa akimtazama bila kupepesa.

Nesi alipoondoka, Chenge aliendelea na habari zake, kwa sauti ya chini, kama kila siku. Kwamba kuku wawili wamepotea. Kwamba mvua imeingia tena jikoni, upande ule wa ukuta uliojengewa juu ya jiwe. Kwamba binti yake amepiga simu kutoka Mtwara na wamezungumza dakika mbili, mtandao ukakatika. Nyumbani kwake mlimani Mabatini redio iliwaka kutwa, si kwa ajili ya habari, bali ili nyumba isinyamaze. Hapa wodini angalau mtu alimsikiliza.

Na Kija naye hakuwa na mwingine. Wakati wa kuona wagonjwa vitanda vingine vilizungukwa na watu, uji na machungwa. Cha tisa kilikuwa na Chenge peke yake. Siku moja Gladness alifungua faili, akaandika kwenye nafasi ya ndugu wa karibu: mume. Chenge aliliona neno hilo likiandikwa. Alifungua mdomo. Kengele ya kuwatoa wageni ikalia, akakusanya vitambaa vyake, akaondoka.

Nyota ya ishirini na tisa ilimalizika siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi simu yake iliita.

"Babu!" Gladness alikuwa karibu kupiga kelele. "Mama ameongea!"

Chenge alikaa chini kwenye ngazi ya mlango. "Amesema nini?"

"Ameomba maji. Njoo, babu, njoo umsikie mwenyewe!"

Hakwenda. Saa saba ilimkuta kitandani kwake, amelala na viatu. Jumamosi pia hakwenda. Gladness alipiga mara tatu; Chenge aliiangalia simu ikitetemeka mezani mpaka ikachoka. Redio aliizima. Hakuweza kukaa nayo.

Jumapili alivaa shati safi. Alizikunja nyota zote ishirini na tisa, akazitia mfukoni, akateremka mlimani taratibu. Njia nzima alikuwa akiyatafuta maneno, akiyapanga, akiyapangua. Alipofika mlango wa wodi alikuwa na sentensi moja tu, nayo ilianza na neno samahani.

Gladness alimshika mkono kabla hajaitamka, akamvuta hadi kitanda namba tisa. "Mama, mume wako huyu hapa!"

Wodi nzima iligeuka. Kija alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili. Chenge alivua kofia.

"Nimekuja kusema..."

Mkono wa kushoto uliinuka, ukamkatisha.

"Karibu, mume wangu," Kija alisema. Maneno yalitoka mazito, moja moja. "Nimekungoja siku tatu."

Mtu alipiga kigelegele kitanda cha mlangoni, wengine wakaitikia. Gladness alijifuta macho kwa kiganja, akaenda kumbadilishia mgonjwa mwingine dripu. Kija alisubiri hadi hatua za nesi zikawa mbali. Kisha alimshika Chenge ukosi wa shati, akamvuta mpaka sikio lake likafika mdomoni kwake.

"Mume wangu nilimzika Ukerewe, huu mwaka wa ishirini," alinong'ona. "Na mkeo, ulinisimulia mwenyewe, alifia kitanda hiki hiki. Sasa kaa hapo uniambie. Wewe unaitwa nani?"