Chai ya Gavana

Chai kwenye meza ya gavana ilikuwa bado inafuka moshi.

Mwalimu mstaafu ndiye aliyeiona kwanza. Akainama, akanusa, akawageukia wageni wenzake. "Jamani, gavana si aliondoka na meli miaka sitini iliyopita? Sasa chai hii inamngoja nani?"

Wote wakamtazama mtembeza wageni. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini. Mama yake alikuwa amempigia shati pasi mara mbili, na bosi alikuwa amemwambia jambo moja tu: "Wageni wakirudi wananung'unika, kesho usije." Bandarini alijitahidi. Kwenye ngome alikumbuka karibu kila kitu. Lakini tangu waingie humu ndani, tarehe zote zilikuwa zimemtoroka kichwani.

"Kijana, umemeza ulimi?" akauliza bwana mwenye kofia. Wengine wakacheka.

Bibi aliyewafungulia mlango akatokea jikoni akijifuta mikono. Akawatazama wageni, kisha akamtazama kijana.

"Nimeimimina mimi," akasema. "Kila asubuhi saa hizi. Nyumba bila chai ni kuta tu. Kaeni basi, mbona mmesimama kama nguzo?" Akamvutia kiti mama mjamzito.

"Kumbe viti vya gavana vinakaliwa?" mwalimu akashangaa. "Kwingine wanavizungushia kamba."

"Kiti kimetengenezwa kikaliwe, mwanangu."

Wakaingia chumbani. Kitanda kilikuwa hakijatandikwa.

"Ndivyo alivyokuwa akikiacha?" mwalimu akauliza.

"Hivi hivi. Shuka huku, mto kule, soksi uvunguni. Utasema mpaka mdomo uchoke."

"Gavana mzima!"

"Akishavua viatu, mwanamume ni mwanamume tu."

Wageni wakaangua kicheko. Mwalimu akayaandika yote. Mwenye kofia akauliza kuhusu roshani, na bibi akamjibu kwamba bwana mkubwa alipenda kukaa pale na gazeti, ajifanye anasoma, kumbe anakoroma hadi wapita njia wanasikia.

Kijana akashusha pumzi. Hakuna aliyemuuliza tarehe tena. Moyoni akasema, mtunza makumbusho kama huyu anastahili kuongezwa mshahara.

Walipotoka nje, mwalimu akafunga daftari lake. "Nimetembea miji mingi ya bandari. Ngome na mizinga, mizinga na ngome! Leo ndiyo kwanza nimemjua gavana. Kijana, bosi wako nitamwambia mwenyewe kwamba wewe ni lulu."

Kijana akamshika bibi mikono yote miwili. "Ahsante, bibi. Umeniokoa."

"Kunywa maji, mjukuu wangu. Midomo imekukauka."

Mara mlango wa nyumba ya jirani ukafunguka. Akatoka mwanamume aliyevaa sare, funguo tele zikining'inia kiunoni.

"Wewe ndiye mtembeza wageni?" akafoka. "Makumbusho ya gavana ni hapa, yamefunguliwa tangu saa tatu, nimekaa nawangoja nyinyi tu!"

Kijana akaitazama nyumba waliyotoka, kisha ile ya jirani. Bibi akampita taratibu, akawageukia wageni.

"Huyo ni jirani yangu," akawaambia. "Mpitieni na yeye kidogo, msimvunje moyo. Naye ana vitu vyake vya zamani."