Kadi Ndefu Kuliko Kasha

Kadi ya picha, kile kifaa kinachoiwezesha kompyuta kuchezesha michezo mizito, aliyoinunua Sikudhani, tena ya mtumba, ilikataa kuingia. Kompyuta yake ilikuwa ile inayouzwa ikiwa imeshaundwa, kasha lake fupi, na chuma kimoja cha ndani kilizuia kwa upana wa vidole viwili. Fundi alimwambia anunue kasha jipya, lakini Sikudhani hakuwa amebakiwa na hela.

Akaipeleka kompyuta kwa baba yake, Mzee Chande, mtengeneza majiko.

"Hiki chuma kina kazi gani?"

"Hakina kazi, baba. Kinashikilia kifaa nisicho nacho."

"Basi toa matumbo yote, uniachie ganda."

Mzee alipima kwa uzi, akakikata kile chuma kwa mkasi wa bati, kisha akakunja ukingo na kuupiga tupa mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa. Sikudhani aliporudisha vifaa, kadi ikateleza, ikakaa.

Walipowasha, mchezo wa magari uliokuwa ukigandaganda ulitiririka kama maji. Jirani aliyekuja kuchungulia akauliza, "Nani kakata hapa?"

"Baba yangu!" Sikudhani alijibu, sauti ikafika barabarani.

Mzee alijifanya hakusikia. Kwenye skrini gari lilikata kona katika mvua, na bega la mzee likainama nalo.