Mlango wa Cheptanui

Gachanja alikuwa anang'oa mlango wa mpangaji wake mchana kweupe, bila hata aibu.

Naivasha nzima inajua maana yake. Landilodi akitaka utoke, hakwambii toka. Anabeba mlango, halafu baridi ya usiku inamalizia kazi.

Na huyu ndiye aliyekuwa akipiga makofi juzi! Diwani Maina alipanda juu ya kreti ya soda pale stendi, Januari hiyo ya 2008 watu wakifukuzana baada ya uchaguzi, akasema kila Mkenya ana haki ya kuishi anapotaka, kabila lake liwe lipi. Wengi walikunja mikono. Gachanja akapaza sauti: "Sema tena, Diwani! Mimi niko na wewe!" Ati yuko naye. Mdomo tu!

"Haki imeisha mapema hivyo?" Sally wa mboga alicheka kwenye kibanda chake ng'ambo ya barabara. "Ameona mlango umechorwa, sasa anaogopea ploti yake."

Kweli ulikuwa umechorwa. Vijana walipita alfajiri na rangi nyekundu, wakaweka alama kwenye mlango wa kila asiye wa kabila lao, lililo pia la Gachanja, ili wenzao watakaokuja na petroli wasikosee nyumba. Jirani mmoja aliifuta yake. Walirudi wakachora kubwa zaidi, wakavunja na madirisha.

Cheptanui, mpangaji mwenyewe, alisimama kando, mtoto mgongoni, akimshikia Gachanja misumari. Anamshikia! Mtu anafukuzwa na bado anasaidia. Sally alisonya.

"Si umwambie kitu, wewe!" alimfokea.

"Nimemwambia aache," Cheptanui alijibu. "Hasikii."

"Wewe mama weka chai," Gachanja akasema. Akabeba mlango begani, akazunguka nao nyuma ya ploti bila kumtazama mtu.

"Anaenda kuuuza!" Sally alipiga kelele. "Mzee mzima! Shenzi kabisa!"

Jua lilikuwa linazama aliporudi. Begani alikuwa na mlango mwingine, wa kijani, hauna hata doa. Akaufunga kwa Cheptanui, akagongelea misumari yote, akapokea kikombe chake cha chai na kwenda nacho.

Sally alifunga kibanda, akamfuata hadi kwake, matusi yakiwa tayari mdomoni.

Gachanja alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, anapuliza chai. Nyuma yake, pale ulipokuwa mlango wake mwenyewe wa kijani, ulikuwa umefungwa ule wenye alama nyekundu.