Matela ya Mama Uwamwezi

Matela, godoro nene la sponji, ilikataa kupita mlangoni. Bayingana aliisukuma kwa bega, Mama Uwamwezi akaivuta kutoka ndani, mpaka ikaanguka juu ya udongo mtupu.

"Ikae hapa mpaka wageni waende," Bayingana alisema.

Jirani yake huyo alimgeukia. "Kweli unakubali, Papa Mukundwa? Wewe uko na roho muzuri."

Bayingana hakuelewa. Yeye ndiye aliyeomba.

Habari ilikuwa imemfikia malishoni, alikokuwa akichunga ng'ombe wa watu. Ng'ombe wake mwenyewe walikwenda na vita. Familia ya mchumba wa binti yake, Mukundwa, ingetuma watu kutoka Bihambwe. Wangekuja kama wapita njia, waulize hili na lile, waone binti anatoka nyumba ya namna gani. Ndivyo wakwe wafanyavyo huko. Wakikuta njaa, posa imekufa.

Alishuka mbio mpaka kijijini kwake, Kashuga, akazunguka kwa majirani: wageni wako njiani, nipeni vitu vikae kwangu. Alitegemea kuchekwa. Kumbe watu walileta hata alichokuwa hajaomba. Nzabandora, waliyegombana naye kila mara ng'ombe wakiingia shambani mwake, alibeba mwenyewe gunia la maharage na redio.

"Hata mbuzi zangu nitazifunga hapa kwako. Haina neno?"

"Haina neno, kaka."

Nyiramahoro, mke wake, ambaye homa ilimfungia ndani tangu mwezi uliopita, alilazwa juu ya matela. Akaipapasa.

"Usinizoeze," alisema.

Wageni walifika alasiri, mwanaume na mwanamke, mabuti yamejaa tope, telefone mkononi.

"Tunapita tu kujua hali ya maisha yenu, Papa."

Bayingana alitabasamu. Wakwe na maneno yao ya kuzunguka! Akawapa maziwa, ndiyo malipo yake yote ya siku hiyo.

"Munakulaka mara ngapi kwa siku?" mwanamke aliuliza.

"Tatu. Kama kuko baridi, ine."

"Kuko mutoto mwenye kulalaka na njaa?"

Gisubizo, kitinda mimba, alikuwa amechuchumaa mbele ya gunia la Nzabandora. Akafungua mdomo. Baba yake akamkazia macho, mdomo ukafungwa.

"Kwangu? Atalala je na njaa, na maharage iko pale?"

Mwanamke aligusagusa telefone yake, akashukuru. Wakatoka, wakaingia kwa Mama Uwamwezi, kisha kwa Nzabandora, wakaendelea nyumba kwa nyumba.

"Wanauliza majirani tabia zetu," Bayingana alimnong'oneza mkewe. "Mukundwa ameshaolewa."

Jua lilipoinama, majirani walikuja kuchukua vitu vyao. Nzabandora alijitwika gunia. Gisubizo akalisindikiza kwa macho mpaka nje. Nyiramahoro alirudi kwenye mkeka. Mama Uwamwezi aliiacha matela mlangoni, akashika mkono wa Bayingana kwa mikono yake miwili.

"Tangu Pasta atangaze kama watu ya kugawa chakula ya musaada watapita kuona nani anateseka, tulikuwa tunajiuliza tutaficha vitu wapi. Na wewe njo ulijitoa vikae kwako! Kilima yote wametukamata majina, tutapata chakula, Papa. Ni nyumba yako tu wameruka."