Nailoni Kwenye Kamera

Komeo la jiko la nje lililia taratibu gizani, na Tabisa akasitisha kijiko cha uji mbele ya mdomo wa mwanawe. Mumewe alikuwa mjini Kasese, kwenye zamu ya kiwanda cha saruji.

Aliwasha skrini ya kamera ya ulinzi. Kamera ya juu ya dirisha ilionyesha ukungu mweupe tu, kama kila usiku.

"Dada Tabisa, mwizi wa kuku amerudi?" jirani alinong'ona nyuma ya ukuta wa mbao. "Piga nduru tu! Vijana beko tayari na mapanga."

Tabisa alivuta pumzi. Hapa Bwera nduru ikishatoka hairudishwi, na mwizi hafiki polisi akiwa mzima.

Ndipo akaona nailoni aliyoifunga mwenyewe juu ya kamera, isishike vumbi. Iling'aa kwa mwanga mwekundu wa kamera, ikiurudisha machoni pa kamera yenyewe.

Akapitisha mkono kati ya nondo za dirisha, nje, hatua chache tu kutoka jikoni. Kucha zikaitafuta ncha ya nailoni. Ikachanika.

Picha ikasafika. Mwanawe akasogeza uso kwenye skrini.

"Mama, ule mama iko na mutoto mugongoni."